Mwezi ukiwaka, nenda kamalize ya kwako

Bamdogo alikuwa mvuvi wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, na wavuvi wa dagaa wana kitu ambacho sisi wa dukani hatuna, mwezi mpevu. Dagaa wanavuliwa kwa taa, zamani karabai siku hizi sola, sasa mwezi ukiwaka ziwa zima linakuwa jeupe dagaa hawana haja na taa yako, basi vipe, vile vyombo vya kuvulia dagaa, vinakaa mchangani siku kadhaa watu wanashona nyavu na kulala. Yeye halali. Anavaa kanzu anazunguka, huku kalipa deni, kule kamuona mgonjwa, kwingine kaenda kukaa tu. Mi nilikuwa namuona mzee wa umbea, Mungu anisamehe.

Alifariki ghafla, presha. Ujiji kule kabla ya kuswaliwa ikatangazwa kama kawaida, mwenye kumdai marehemu ajitokeze aonane na familia, manake deni linatangulia mirathi. Akasogea fundi nyavu mmoja, anaona aibu mpaka anaongea chini chini, anadai elfu 12. Binamu yangu akafunua daftari la marehemu, lile linanuka dagaa, na kweli imeandikwa: fundi, 12,000, na pembeni kwa penseli "mwezi huu". Hela yenyewe ilikuwa imekunjwa humo humo katikati ya kurasa.

Aisee nilitoka pale miguu haina nguvu. Ingekuwa mimi je? Na hili banda langu la uwakala wa pesa za simu pale Mwanga, wanaonidai wangejitokeza mpaka maziko yachelewe, afu mke wangu hajui nani ananidai wala nani namdai, vyote viko kwenye simu na simu ina namba ya siri.

Kwahiyo ushauri wangu ni mmoja tu, jiwekee mwezi mpevu wako. Mimi mwezi ukijaa nafunga banda magharibi, siku mbili tatu, simu naiacha nyumbani. Nafuata huo huo wa juu, sio alamu, manake alamu naijua nitaizima. Kwanza daftari, nadaiwa nini nadai nini, mama watoto anasoma. Siku ya kwanza alinijia juu, "acha uchuro we baba". Nikamwambia hii meli ya Liemba unayoiona, Wajerumani walivyoizamisha 1916 mafundi waliipaka injini grisi kwanza, ndo maana Waingereza walivyoiibua 1924 ilitengenezeka na 1927 ikarudi kazini, sasa huo nao uchuro? Akacheka, akaandika namba ya siri nyuma ya kalenda ya ukutani (hapo usituige).

Baada ya daftari ni watu, na hapa ndo pagumu kuliko hela. Kuna miezi nimeshindwa kabisa, nimekaa bandani mpaka saa nne usiku kwa ajili ya kamisheni ya elfu mbili. Ila mwezi uliopita nilijikaza nikaenda Katonga kwa rafiki yangu ambae hatujasemeshana tangu 2019, ugomvi wenyewe wa boda boda tuliyonunua pamoja. Sikumkuta, kaenda Kalemie. Nikamwachia mkewe sukari kilo mbili nikaondoka zangu.

Kesho yake asubuhi simu inaita, yeye. Hata salamu hakuna.

"Ndugu yangu, madaktari wamekwambia nini?"