Kabla ya kumuuliza mgonjwa anatoka wapi

Mwaka 2020 nilikuwa na kibanda cha M-Pesa Pangani, Nairobi, ng'ambo tu ya Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi. Tarehe 6 Mei Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Eastleigh, na vivyo hivyo Mji wa Kale kule Mombasa. Kulipokucha, pale stejini kwetu korona ilikuwa imeshapewa kabila. Nani alikumbuka kwamba mgonjwa wa kwanza nchini, aliyetangazwa tarehe 13 Machi, alikuwa Mkenya aliyetoka Marekani akapitia London?

Mimi pia sikukumbuka. Ndiyo maana naandika haya.

Wiki hiyo mzee mmoja aliishiwa nguvu mbele ya dirisha langu. Alikuwa akikohoa, tena kikohozi kizito. Akaguna "Ngai wakwa!" kwa lafudhi ya kwetu Machakos, nami nikatoka mbio na stuli yangu, nikamshika mkono, nikamwita baba. Barakoa ilikuwa imeshuka kidevuni muda wote.

Siku chache baadaye, saa kumi na mbili na kitu jioni, watu wakikimbizana na kafyu ya saa moja, mwanamke wa Kisomali alichuchumaa kando ya mlingoti wa stima, hatua tatu kutoka pale alipokaa mzee. Hakukohoa hata mara moja. Mikono ilimtetemeka na jasho lilimtoka. Mtu akasema, "Huyo ametoroka Isili," yaani Eastleigh, na watu wote wakarudi nyuma. Mimi nikabaki ndani ya vyuma vyangu, chupa ya sanitaiza mkononi, nikapaza sauti: "Mama, unatoka wapi?"

Mtu anaanguka, nami namuuliza anwani!

Aliyemsogelea ni mama mboga wa jirani. Alijifunga leso mdomoni, akauliza, "Unaumwa wapi, dada?" Kumbe ni Ramadhani, mama wa watu amefunga, na tena ana ugonjwa wa sukari. Yule mgonjwa akauliza ni saa ngapi, kama muda wa kufuturu umefika. "Mungu anakuona, kunywa," mama mboga akamwambia, akampa strungi, chai isiyo na maziwa, yenye sukari ya kutosha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni hilo swali: anza na "unaumwa wapi". Likitangulia "unatoka wapi", jibu lolote litakupa sababu ya kutosogea.

Tahadhari nazo ziamue mapema, ukiwa umetulia. Barakoa juu ya pua, mita moja na nusu, maji na sabuni, kisha sheria hiyo hiyo imhusu mjomba wako na mpita njia. Mimi nilimshika aliyekohoa, nikamkimbia asiyekohoa; virusi vingenicheka. Siku hizi stuli inakaa nje, yeyote akae bila kunigusa.

Na usipoteze muda kuhutubia umati. Nilijaribu mara moja, nikaishia kugombana na kondakta huku mgonjwa akiwa chini. Mchague mtu mmoja: "Wewe wa koti la bluu, leta maji." Akienda yeye, wengine hufuata.

Siku tatu baadaye yule mama alirudisha kikombe, kimejaa tende. Akampa mama mboga, wakacheka sana. Kisha akaja dirishani kwangu na shilingi 500, akaniuliza kama nina floti ya kumwekea kwenye simu.