Viungo Vinauma, Kichwa Kinazunguka: Maswali ya Wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zimefunga malalamiko mawili pamoja: maumivu ya viungo yasiyoisha na kizunguzungu. Tumezifupisha, na tumetanguliza ile yenye mambo mengi.

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Mimi ni mama wa miaka 61. Magoti na vidole vinaniuma huu mwaka wa nne. Picha ya eksirei ilionyesha viungo vimechakaa. Miezi minane sasa nikisimama napata kizunguzungu, siku nyingine hadi nishike ukuta. Nameza dawa ya maumivu, diklofenaki ya miligramu 50, mara tatu kwa siku, enalaprili ya presha pamoja na dawa ya kukojoza, na miezi mitano hii natumia unga wa mitishamba ambao kwa kweli ulinituliza ndani ya siku mbili. Nikiukosa, maumivu yanarudi maradufu. Nataka tiba ya asili itakayoondoa vyote viwili.

JIBU: Mama, kabla hujaongeza dawa ya tano, zimwage mezani hizo nne tuzitazame. Kuchakaa kwa magoti hakuleti kizunguzungu. Viwili hivi vinapomkuta mtu mmoja, mara nyingi kinachoviunganisha ni dawa za maumivu zenyewe.

Tuanze na ule unga, maana ndio unaotutia shaka zaidi. Mitishamba yenye nafuu yoyote kwa viungo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Unga unaotuliza magoti yaliyochakaa ndani ya siku mbili una tabia ya steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe, zinazofanana na homoni ambayo mwili hujitengenezea), na maabara za nchi mbalimbali zimeshakuta steroidi kama deksamethasoni na prednisoloni, au diklofenaki, ndani ya bidhaa zilizouzwa kama mitishamba mitupu. Jitazame: uso umekuwa wa mviringo? Hamu ya chakula imepanda? Ngozi inavilia damu kwa kugongwa kidogo? Sukari imepanda bila sababu? Mwili ukipewa steroidi kutoka nje kwa wiki tatu au zaidi, tezi zilizokaa juu ya figo hulegeza kazi yake ya kuitengeneza. Siku unga unapokatika, presha inashuka ukisimama, kichefuchefu kinaingia, misuli na viungo vinauma kuliko mwanzo. Wewe unaona ugonjwa umerudi; kumbe ni mwili unaodai steroidi.

Kwa hiyo usiutupe leo. Mpelekee daktari pamoja na pakiti yake, umwambie unautumia kiasi gani na tangu lini. Anaweza kupima kotisoli, yaani steroidi ya mwili wenyewe, kwenye damu ya asubuhi, kisha akupangie namna ya kupunguza kidogo kidogo. Ukitapika mfululizo, ukaishiwa nguvu au ukazimia, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Diklofenaki nayo: miligramu 150 kwa siku ndicho kikomo cha juu, na wewe uko hapo hapo. Dawa za kundi hili hudhoofisha kinga ya utando wa tumbo, na kidonda kinaweza kuvuja damu polepole bila kuuma hata kidogo. Damu ikipungua, kizunguzungu na kuhema ukipanda ngazi hufuata. Choo cheusi kinachong'aa kama lami ni cha kukimbiza hospitali. Usisubiri kiishe chenyewe.

Lipo na la figo. Figo huchuja damu kwa nguvu ya msukumo. Diklofenaki hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio, enalaprili hulegeza ule unaoitoa, na dawa ya kukojoza hupunguza maji yanayosukumwa. Kila moja peke yake huvumilika kwa wengi. Zikikutana tatu, msukumo unaanguka, hasa ukiharisha au usipokunywa maji ya kutosha. Isitoshe, diklofenaki hupandisha presha, halafu unaongezewa dawa ya kuishusha. Ni kama kukanyaga mafuta na breki kwa pamoja.

Nyumbani fanya kipimo hiki kabla ya kwenda kliniki. Lala chali dakika 5, pima presha. Simama, pima baada ya dakika 1, kisha dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, kizunguzungu chako ni cha presha kushuka. Mtu awe karibu nawe, na matokeo yaandike pamoja na saa uliyomeza dawa. Kosa la kawaida ni kupima ukiwa umekaa tu. Hapo kila kitu huonekana sawa. Dawa ya presha usiiache kwa uamuzi wako.

Omba vipimo vinne: wingi wa damu, kreatinini ya figo pamoja na chumvi za damu, sukari, na choo kuangaliwa damu iliyojificha. Mwulize daktari pia kama unaweza kuachana na vidonge vya diklofenaki ukatumia ya kupaka. Ile ya asilimia 1 hupakwa gramu 4 kwa goti, hadi mara 4 kwa siku, na mwili mzima usizidi gramu 32. Wengi husema haifanyi kazi kwa sababu wanapaka kidoa cha ukubwa wa kucha.

Na tiba isiyo ya dawa ipo, tena nzuri: nguvu za misuli ya paja. Kaa kwenye kiti kigumu kisichoyumba, nyoosha mguu mmoja, kaza paja, shikilia sekunde 5, shusha. Mara 10 kila mguu, seti 3, siku nyingi za wiki. Ukizoea, ongeza kusimama na kukaa bila kushika kwa mikono, lakini hilo lisubiri kizunguzungu kitulie. Maumivu ya wastani wakati wa zoezi si tatizo mradi yatulie ndani ya saa 24. Yakipita hapo, punguza idadi, usiache. Nafuu huonekana baada ya wiki 6 hadi 8, na wanaokata tamaa wengi hukata wiki ya pili. Kama uzito umezidi, kila kilo inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

SWALI: Nikigeuka kitandani upande wa kulia au nikiangalia juu, chumba kinazunguka kama sekunde 20 kisha kinatulia. Nimeambiwa ni shingo, nikakandwa na kuvunjwa shingo (kuzungushwa ghafla mpaka ilie) mara mbili, bila nafuu. Nina miaka 47.

JIBU: Ndugu yetu, simulizi yako ni ya sikio kuliko shingo. Sikio la ndani lina chembechembe za chokaa zinazolisaidia kuhisi mwelekeo wa mwili. Zikichomoka zikaingia kwenye mmoja wa mifereji mitatu ya usawa, kila ukigeuza kichwa zinaporomoka na ubongo unadanganywa kuwa unazunguka. Dalili yake ndiyo hiyo: huja kwa mkao fulani, haidumu hata dakika moja, na kusikia hakubadiliki.

Tiba yake ni kuzirudisha chembe mahali pake kwa mikao inayoitwa ya Epley. Vizuri mara ya kwanza afanye mtaalamu ili athibitishe sikio ni lipi. Hatua za sikio la kulia ni hizi. Kaa kitandani miguu imenyooka, mto ukiwa nyuma yako mahali yatakapoangukia mabega. Geuza kichwa digrii 45 kulia. Lala chali kwa haraka, mabega juu ya mto, kichwa kimeinamia nyuma kidogo na bado kimeelekea kulia. Kizunguzungu kitakuja, macho wazi, usiinuke. Kikiisha, hesabu sekunde 30. Sasa geuza kichwa digrii 90 kwenda kushoto bila kukiinua, sekunde 30 tena. Kisha lalia bega la kushoto, mwili na kichwa vigeuke pamoja hadi pua ielekee chini kwenye godoro, sekunde 30. Mwisho, inuka ukae kupitia upande huo wa kushoto, kidevu kikiwa kimeinama. Sikio la kushoto ni hivyo hivyo kwa kugeuza pande.

Yanayoharibu ni mawili: kuinua kichwa katikati ya hatua, na kuweka mto chini ya kichwa badala ya mabega. Yote mawili huzirudisha chembe zilikotoka. Ukirudia kwa siku kadhaa bila mabadiliko, huenda ni sikio lile jingine au mfereji mwingine, ambao una mikao yake. Vidonge vya kizunguzungu havisogezi chembe. Vinapunguza kichefuchefu tu, na vikitumiwa muda mrefu huuchelewesha ubongo kujirekebisha.

Shingo isivunjwe tena. Kuizungusha kwa ghafla kunaweza kuchana mshipa unaopeleka damu nyuma ya ubongo, na matokeo yake ni kiharusi. Mwenye baridi yabisi (ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo) ya muda mrefu yuko hatarini zaidi, kwa kuwa ugonjwa huo hulegeza kano za pingili mbili za juu kabisa za shingo. Huyo hata mikao ya Epley asijifanyie nyumbani. Na kizunguzungu kinachokuja na kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, mdomo kupinda, mkono kulegea, kushindwa kutembea au maumivu makali ya kichwa ya ghafla, hicho ni cha hospitali sasa hivi.

SWALI: Kati ya glukosamini (kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo), vidonge vya bizari ya manjano, hijama, sindano za akupancha na taichi, kipi kinafaa kweli kwa viungo?

JIBU: Taichi, bila kusita. Ni mwendo wa polepole wa kuhamisha uzito mguu hadi mguu. Hutuliza maumivu ya goti na papo hapo hufundisha mwili usawa, kwa hiyo mwenye kizunguzungu anafaidika mara mbili. Mwongozo wa mwaka 2019 wa Chuo cha Rumatolojia cha Marekani unaipendekeza kwa uzito kwa goti na nyonga zilizochakaa, na mwongozo huo huo unashauri vikali watu wasitumie glukosamini. Ukiwa umeshainunua, imalize kama unataka, ila usinunue nyingine.

Akupancha huwapa wengine nafuu ya kiasi. Sharti sindano ziwe mpya, zinazotupwa baada ya matumizi. Vidonge vya manjano vimeonyesha nafuu ndogo ya goti katika majaribio madogo. Tatizo liko kwenye vile vilivyoongezewa piperini, kiini cha pilipili manga, ili vifyonzwe zaidi: wapo walioumia ini. Anayemeza wafarini au asipirini, dawa zinazopunguza kuganda kwa damu, asivitumie bila ushauri, kwani damu inaweza kuvuja. Tahadhari hiyo hiyo ni ya ginko, dawa ya majani ya mti inayouzwa kwa ajili ya kizunguzungu.

Hijama ya kuchanja ina ushahidi hafifu kwa viungo. Mwenye upungufu wa damu au presha inayoshuka anaweza kuzimia akiwa bado amekaa pale, na wembe au vikombe visivyo safi hupitisha homa ya ini B na C pamoja na virusi vya UKIMWI. Kwa barua ya mama wa mwanzo, tungesema hapana kabisa.

Vya bei rahisi kuliko vyote mnavisahau. Kiungo kikikakamaa, kikande kwa maji ya moto dakika 15 hadi 20. Kikivimba na kuwa na joto, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 hadi 15. Watu huvigeuza, wakakanda kwa moto goti lililovimba, kisha wakashangaa limezidi.

SWALI: Nina miaka 33. Vidole vya mikono yote miwili vimevimba kwenye mafundo, asubuhi sikunji ngumi mpaka saa nne. Kipimo cha damu cha baridi yabisi kinachoitwa RF kimetoka hasi, nikaambiwa sina baridi yabisi.

JIBU: Dada, kipimo hicho huwa hasi kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa baridi yabisi, na huwa chanya kwa baadhi ya watu wasioumwa. Maelezo yako yana uzito kuliko karatasi: viungo vidogo, pande zote mbili, kukakamaa kunakozidi nusu saa. Viungo vilivyochakaa hulegea mapema kuliko hapo. Omba kipimo kingine cha damu cha baridi yabisi, anti-CCP, pamoja na ESR na CRP vinavyoonyesha uvimbe mwilini, na umwone daktari wa viungo ndani ya wiki chache, kwa sababu mifupa huanza kulika mapema na kilicholika hakirudi. Kama mwaka huu uliugua homa kali yenye upele, itaje pia. Chikungunya, jina la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, huacha maumivu kama haya kwa miezi.

Ukipewa methotreksati, dawa ya baridi yabisi, humezwa mara moja kwa WIKI. Chagua siku, iandike kwenye pakiti. Waliomeza kila siku kwa makosa wameharibikiwa uboho, na wengine wamekufa. Haimezwi na mjamzito wala anayetarajia kushika mimba.

SWALI: Goti la kulia ndilo bovu. Fimbo nishike mkono upi?

JIBU: Wa kushoto. Fimbo na mguu mbovu vinakwenda mbele pamoja. Simama umevaa viatu, mikono imening'inia: mpini ufikie mkunjo wa kifundo cha mkono, na ukiushika kiwiko kipinde kidogo tu. Kwenye ngazi, kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza fimbo na mguu mbovu. Tazama mpira wa chini kila mwezi; mistari yake ikifutika, nunua mwingine siku hiyo hiyo.