Usifyeke kiwanja chote, viwavi nao wana haki yao

Nilipopata kiwanja Jambiani, Unguja, kazi ya kwanza niliyomlipa kijana ilikuwa kufyeka. Chote. Yakabaki mawe na jua. Nikajaza udongo, nikapanda bogenvilia na nyasi, nikajiona nimefanya la maana. Mwaka mzima vipepeo walinipita kama daladala iliyojaa.

Kosa langu lilikuwa kudhani kipepeo anataka maua tu. Maua ni sharubati yake. Kinachomweka mahali ni jani la kutagia mayai. Na kiwavi, yule mtoto wa kipepeo anayetoka kwenye yai, ni mchaguzi: wengi hula mmea mmoja au jamaa zake wachache, wakiukosa wanakufa njaa katikati ya bustani iliyostawi. Mimea yenyewe mingi ni hii tunayoiita magugu ya maweni, yaani ya ardhi yetu ya mawe, niliyotoa pesa ing'olewe.

Chukua mndimu. Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano sote tunamjua. Viwavi wake wachanga utadhani kinyesi cha ndege juu ya jani. Wakikua wanageuka kijani, na ukimgusa mmoja anachomoza nyuma ya kichwa vipembe viwili vya rangi ya chungwa vyenye harufu kali. Miaka yote nilikuwa nikiwapiga dawa. Siku moja jirani yangu, bibi wa rika la mama yangu, akanikuta na bomba mkononi.

"Mwanangu, mndimu wako ulishawahi kufa?"

"La, bibi."

"Basi wamekukosea nini?"

Sikuwa na jibu. Mti mkubwa hutoa majani mapya, hauna haja ya dawa. Mche mdogo ndio wa kuhurumiwa, na hapo mkono unatosha: waokote, uwahamishie kwengine. Mimi nawapeleka kwenye mjafari niliouacha ukue pembeni mwa ukuta, mti wa miiba ambao majani yake ukiyafikicha utasikia harufu ya jamaa wa ndimu. Ndimu zililetwa kutoka Asia, kipepeo huyu ni wa Afrika; kabla ya ndimu kuja alikuwa akila miti ya porini ya ukoo huo.

Kama hujafyeka, basi acha ukanda wa hatua tatu au nne nyuma ya nyumba usiguswe. Kama ulishafyeka kama mimi, usikimbilie kununua miche. Ngoja masika. Mizizi ya mimea ya maweni imejibana baina ya mawe, panga haliifikii. Mvua mbili tatu na mkwamba wangu ukachipua kwenye visiki, na mkaaga nao ukafuata, vyote vichaka vya maweni. Sikulipa hata senti. Zuia mbuzi tu.

Using'oe pia kile kitambaazi chenye majani ya umbo la moyo na utomvu mweupe. Ni chakula cha viwavi wa kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mbawa, na sumu wanayoivuna kwenye mimea ya utomvu huo wanaibeba mpaka ukubwani. Ndege akishaonja mmoja, harudii. Sasa kuna kipepeo mwengine, hana sumu, ila jike lake limevaa nguo hiyo hiyo, wallahi hutawatofautisha wakiruka. Dume lake halifanani naye hata kidogo: jeusi, lina madoa makubwa meupe. Viwavi wa huyu mwigaji hula tako la hasani, ule mmea mnene unaotambaa chini, ambao nilikuwa nikiukwangua kwa jembe kila Ijumaa.

Wapo pia vipepeo wasiojali maua kabisa. Weka embe lililooza kivulini, utawaona.

Ukitaka kujifunza kwa macho kabla ya kuanza, nenda kijiji cha Pete, karibu na msitu wa Jozani, kwenye kituo cha vipepeo. Wanakijiji wa pale wanafuga viwavi kwa ajili ya kipato, na kila aina ya kiwavi lazima kwanza ipatiwe majani yake.

Swali ninaloulizwa kila siku ni la nyoka. Kichaka kinaweza kuleta nyoka, sitakudanganya. Ndiyo maana ukanda wangu uko nyuma kabisa, na mbele ya mlango nimeacha uwanja mtupu uliofagiliwa.