Maswali yenu: Kula mgahawani katika miji midogo ya Ufaransa

Msimu wa safari umekaribia, na wengi mnaoelekea Ufaransa mmeandika kuhusu jambo moja: chakula. Nimechagua maswali machache. Ninayosema yanahusu miji midogo ya mkoa wa Bourgogne kama Beaune, Avallon, Semur-en-Auxois na Cluny. Paris ina mambo yake.

*

*Tulifika mji mmoja saa nane na nusu mchana, watoto wana njaa. Migahawa mitatu ilitukataa, na humo ndani watu wapo mezani wanakula. Ule ulikuwa ubaguzi?* – Mama wa watoto wawili, Nairobi

Pole sana, dada. Ubaguzi Ufaransa upo, siwezi kukudanganya, lakini kwa saa hiyo hata Mfaransa mwenzao angerudishwa. Jikoni hupokea oda za mchana kuanzia saa sita hadi saa saba na nusu, pengine saa nane, halafu basi. Wale mliowaona walikuwa wameagiza zamani, wanamalizia. Mgahawa wa mji mdogo mara nyingi ni wa mume na mke: mmoja yuko jikoni, mwingine anahudumia, na alasiri ndiyo nafasi yao ya kuosha vyombo, kupumzika kidogo na kuandaa ya usiku. Watafungua tena saa moja au saa moja na nusu jioni, na ukija baada ya saa tatu usiku unaweza kukuta jiko limezimwa.

Jumapili usiku na Jumatatu ndizo siku ngumu zaidi, kwa sababu wengi hufunga. Piga simu kabla hamjaanza safari. Mkiwa na watoto, wekeni meza ya saa sita kamili. Hapo mpishi bado ana nafasi na vyakula vyote vya siku vipo. Mkichelewa njiani, tafuteni mahali palipoandikwa «service continu», yaani wanapika mchana kutwa, mara nyingi karibu na stesheni ya treni au uwanja mkubwa wa mji.

Ila ukikataliwa saa sita na nusu, meza ziko tupu na hazijawekewa mtu, hilo ni jambo lingine, na una haki ya kukasirika.

*

*Assalaam alaykum. Nakwenda kusoma Dijon. Sili nguruwe wala sigusi pombe. Nikialikwa mgahawani nitakula nini, viazi tu?* – Mwanafunzi, Unguja

Wa alaykum salaam, mwanangu. Swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii, kwa hiyo nitakaa nalo.

Dijon iko Bourgogne, na Bourgogne ni nchi ya mizabibu; mvinyo unaingia kwenye sufuria zao kama tui la nazi linavyoingia kwenye zetu. Vyakula vinavyosifika zaidi ndivyo vya kukwepa. Bœuf bourguignon ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole ndani ya mvinyo mwekundu pamoja na vipande vya nguruwe. Coq au vin ni hivyohivyo kwa jogoo. Jambon persillé ni nguruwe mtupu. Kuku wa haradali na jibini anayeitwa Gaston Gérard, ambaye asili yake ni hapohapo Dijon, anaonekana hana neno, kumbe ndani yake mna mvinyo mweupe.

Chakula kinachowanasa wengi ni œufs en meurette. Mtu anasikia ni mayai, anaagiza kwa raha. Linakuja bakuli la mchuzi mweusi unaong'aa, yai limepikwa bila ganda, ute wake mweupe umeshika rangi ya zambarau. Rangi hiyo ni ya mvinyo. Na vile vipande vidogo vya kahawia vilivyojichanganya na uyoga ni lardons, nguruwe. Hizo lardons zikariri jina lake, maana utazikuta kwenye saladi, kwenye quiche (pai ya mayai), hata kwenye njegere.

Usiseme tu kwamba huli nguruwe. Sema mambo mawili, kila moja peke yake: «Je ne mange pas de porc», kisha «pas d'alcool, même dans la sauce», yaani hata kwenye mchuzi. Mpishi anaweza kukujibu kwamba pombe huishia motoni. Mshukuru, na ushikilie neno lako kwa upole. Nyama ya migahawa ya kawaida haikuchinjwa kwa taratibu zetu. Maduka ya nyama ya halali Dijon yapo, lakini kwenye miji midogo ya pembeni usitegemee.

Sasa vya kula. Cha kwanza ni samaki, na ninayempenda mimi ni truite meunière: samaki wa mtoni, mzima na kichwa chake, amepakwa unga kidogo na kukaangwa kwa siagi hadi ngozi ikakauka, kisha akakamuliwa limau. Kwa kawaida hana mvinyo, na akiwa na viazi vya kuchemsha hapo utashiba na utafurahi. Samaki mwenye mchuzi wa beurre blanc muache, kwani ule mchuzi huanza na mvinyo mweupe. Gougères, vile vitumbua vyepesi vya jibini, ni vitamu mno vikiwa vya moto. Kimanda cha uyoga pia, ukishahakikisha hakina lardons. Jibini la Époisses, fahari ya mkoa ule, huoshwa kwa pombe kali iitwayo marc, kwa hiyo chukua jibini la Comté badala yake. Kwenye vitamu epuka baba au rhum, keki iliyoloweshwa pombe ya rhum, na uliza kuhusu jelatini, ambayo mara nyingi hutoka kwa nguruwe. Tarte (pai) ya matofaa na crème brûlée, kastadi yenye sukari iliyochomwa juu, kwa kawaida hazina tatizo.

Na mwombe anayekualika apige simu siku moja kabla. Jiko dogo likijua mapema hukutengenezea vizuri. Ukiwashtukiza saa ya msongamano, ndipo unapoambulia viazi.

*

*Maji ya chupa yalinigharimu karibu sawa na chakula. Na bakshishi ni asilimia ngapi?* – Dereva wa malori, Tanga

Sema «une carafe d'eau, s'il vous plaît» na utaletewa jagi la maji ya bomba, safi na bure. Tangu 2022 sheria inawataka waandike kwenye orodha yao, au kwenye tangazo linaloonekana, kwamba maji hayo unaweza kuyaomba bila malipo. Mkate nao hulipii. Bakshishi haina asilimia, kwa kuwa huduma imo ndani ya bei. Ukiridhika, acha sarafu moja au mbili za yuro.

*

*Mimi ni wa Lubumbashi, naishi Brussels, Kifaransa si tatizo. Nitajuaje kama mpishi anapika kweli au anapasha moto vya kununua?*

Kaka, soma ubao wa nje. Vyakula vitano au sita vilivyoandikwa kwa chaki, na tarehe ya leo, vinanitia moyo kuliko kitabu chenye picha arobaini. Jiko la watu wawili haliwezi kupika vyakula arobaini kuanzia mwanzo. Angalia pia alama ya «fait maison», sufuria yenye kifuniko cha umbo la paa la nyumba, iliyoanza 2014. Maana yake chakula kimepikwa hapohapo kutokana na vitu vibichi, ingawa vibichi hivyo vinaruhusiwa kuwa vimetoka kwenye friza. Chukua formule ya mchana, yaani mlo wa bei moja, ambayo mara nyingi ni kati ya yuro 15 na 25 kwa vyakula viwili au vitatu. Mpishi amenunua vitu vyake kwa ajili ya formule hiyo, na humo ndimo anamoonyesha uwezo.

*

*Niliomba nyama «à point», ikaja na damu.* – Msomaji wa Arusha

Kwao à point bado ni ya waridi ndani. Sisi tuliozoea nyama choma iliyoiva tuseme «bien cuit», yaani iliyoiva vizuri, na tukubali kusubiri. Tartare usiiagize kabisa kama hutaki nyama mbichi.

*

*Tulikaa saa nzima baada ya kula, hakuna aliyetuletea bili. Na chakula kilichobaki tuliona aibu kukiomba.* – Wanandoa, Mombasa

Hawakuwasahau. Kukuletea bili hujaiomba ni kama kukufukuza, na meza ile ilikuwa yenu hadi mnyanyuke. Sema «l'addition, s'il vous plaît» mkimaliza kahawa, au mapema kama mna treni. Chakula kilichobaki kiombeni bila aibu yoyote: tangu Julai 2021 sheria inawalazimu wakupe chombo cha kubebea ukiomba, isipokuwa kwenye bufee. Waambieni kabla sahani hazijaondolewa.