Maswali ya Wasomaji: Mbona Wafalme wa Biblia Wanafananishwa na Miti?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu ndoto ya Nebukadneza, mfalme wa Babeli, aliyeota mti mkubwa unakatwa, naona ndo nilichokoza nyuki, maana maswali yamekuja mengi na karibu yote yanazunguka hapohapo, miti na wafalme. Nimechagua manne, yanayofanana nimeyaunganisha, msinune.

Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Kwenye ibada moja kiongozi aliombewa awe "kama mwerezi wa Lebanoni" na sote tukaitikia amina. Lakini nikisoma Danieli 4 naona mfalme aliyeonyeshwa kama mti alikatwa. Sasa kuitwa mti ni baraka au ni onyo?

Ameni dada. Dua yenyewe haina shida, Zaburi ya 92 inasema mwenye haki atakua kama mwerezi wa Lebanoni, kwa hiyo amina yenu ilikuwa halali. Ila hiyo ni ya mwenye haki kwa ujumla. Ukija kwa wafalme stori inabadilika kidogo, manabii wakianza kumsifia mfalme kwamba ni mwerezi mrefu matawi mazuri, wewe subiri tu, mara nyingi shoka liko aya chache mbele.

Mfano mzuri kuliko yote ni Ezekieli 31. Anamwambia Farao, unajiona nani kwa ukubwa wako, hebu mtazame Ashuru alikuwa mwerezi. Halafu anaueleza ule mti kwa raha kabisa, maji ya vilindi yanaulisha, ndege wote wanajenga viota kwenye matawi, wanyama wanazaa chini yake, mataifa makubwa yanakaa kivulini, mpaka miti ya Edeni inauonea wivu. Ukiwa unasoma haraka unaweza kudhani ni wimbo wa sifa. Kisha unaanguka, matawi yanavunjika mabondeni, na wale watu waliokuwa kivulini wanashuka wanaenda zao. Sasa angalia na tarehe, Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, ilianguka mwaka 612 K.K. na Ezekieli anasema haya mwaka wa 11 wa uhamisho wa Babeli, yaani kama 587 K.K., kwa hiyo wakati Farao anaambiwa haya Ashuru imeshalala chini kama miaka 25. Hapa Ezekieli hatabiri anguko la Ashuru, anamuonyesha Farao gogo ambalo kila mtu alishaliona.

Kwa Nebukadneza kuna utamu mwingine. Huyu bwana alikuwa mkata mierezi kwelikweli, sio kwa mfano. Huko Lebanoni kwenye bonde la Wadi Brisa kuna maandishi yake yamechongwa kwenye mwamba mpaka leo, anajisifu jinsi alivyopasua milima akatengeneza njia ya kusafirishia mierezi. Na Isaya 14 anachora picha ya mfalme wa Babeli akifa, miti ya Lebanoni inashangilia, inasema tangu ulale wewe hakuna tena mkata miti anayetujia. Halafu mtu huyo ndo anaota yeye mwenyewe ni mti na mlinzi kutoka mbinguni anapaza sauti ukateni. Mi nadhani aliyeisikia stori hii mara ya kwanza alicheka kidogo.

Sasa swali lako, baraka au onyo. Angalia mti ule unasifiwa kwa nini kabla ya kukatwa. Majani mazuri, matunda mengi, chakula cha wote, wanyama kivulini, ndege matawini. Yaani karibu kila sifa ni ya kile wengine wanachopata, urefu peke yake haulishi mtu. Ndo maana Danieli akimaliza kutafsiri ndoto anampa mfalme ushauri mmoja, aache dhambi kwa kutenda haki na awahurumie maskini. Miezi 12 baadaye jamaa anatembea juu ya jumba lake anasema Babeli hii nimeijenga mimi kwa uwezo wangu, neno maskini halimo. Na Yeremia 22 anampiga Yehoyakimu wa Yuda pale pale, anajenga nyumba bila kulipa vibarua, madirisha mapana, mbao za mierezi, rangi nyekundu, akaulizwa hivi unadhani unatawala kwa sababu unashindana na watu kwa mierezi? Baba yako Yosia alikula na kunywa kama kawaida, lakini alimtetea maskini na mhitaji. Kwa hiyo dada mkimuombea tena kiongozi awe mwerezi ongezeni na hicho kipande cha kivuli, amina itakuwa imekamilika.

Shikamoo mwalimu. Waamuzi 9, miti inatafuta mfalme, mzeituni unakataa, mtini unakataa, mzabibu unakataa, mti wa miiba unakubali. Katika vijana wetu kuna mjadala mkali, wengine wanasema Biblia inafundisha watu wema wasiingie siasa, wengine wanasema inawalaumu waliokataa. Nani yuko sahihi?

Marahaba. Wote mna hoja ila naona mnajadili mfano bila mwenye mfano, turudi kwanza kwa Yothamu, yule aliyeutoa.

Gideoni, mwamuzi wa Israeli na baba yake Yothamu, ambaye pia anaitwa Yerubaali, alishaombwa atawale akakataa, yeye na mwanawe. Akafa akaacha wana 70 wa ndoa zake, na Abimeleki aliyezaliwa na suria wa Shekemu. Abimeleki akaenda kwa ndugu wa mama yake akapiga kampeni, mnataka kutawaliwa na watu 70 au na mmoja, tena kumbukeni mimi ni damu yenu. Wakampa vipande 70 vya fedha kutoka nyumba ya mungu wao Baal-berithi, akakodi wahuni, akaenda akawaua ndugu zake juu ya jiwe moja. Fedha 70, ndugu 70, hesabu ya kutisha. Wakamtawaza hapo Shekemu, na penyewe ni karibu na mwaloni. Yothamu ndiye mdogo aliyejificha akapona, akapanda kilele cha mlima Gerizimu akapaza sauti ndo akatoa huu mfano, akamaliza akakimbia.

Kwa hiyo mfano ni shtaka. Anayeshtakiwa ni miti iliyokuwa inazunguka kutafuta mfalme, yaani watu wa Shekemu, na mti wa miiba wenyewe. Mzeituni, mtini na mzabibu hawalaumiwi hata neno moja, kila mmoja anasema nina kazi, niache mafuta yangu, utamu wangu, divai yangu, niende nikayumbeyumbe juu ya miti? Hapo kuna kejeli kwamba kutawala kwa staili wanayoitaka hawa ni kuyumba tu kule juu, hamna tunda. Lakini pia hakuna mahali Yothamu anasema "kwa hiyo watu wema kaeni mbali na uongozi," hiyo mmeiongeza nyie. Biblia hiyohiyo ina Yusufu, ina Danieli, ina Nehemia, na wote wako serikalini. Kundi la pili nalo linaongeza lawama ambayo haipo. Ukinibana nitasema naelemea upande wao kidogo, maana ukiona kiti kimebaki kwa mti wa miiba lazima ujiulize wengine walikuwa wapi, ila hilo ni langu, sio la Yothamu.

Kitu ambacho watu wanakipita ni maneno ya mti wa miiba. Unasema njooni mkatumaini kivuli changu. Kivuli cha miiba! Na palepale unatishia, mkikataa moto utoke kwangu uteketeze mierezi ya Lebanoni. Ahadi hewa halafu vitisho, kwa pumzi moja.

Sasa soma mpaka mwisho wa sura msiishie kwenye mfano. Miaka mitatu baadaye Shekemu na Abimeleki wamegombana. Watu wa mnara wa Shekemu wanakimbilia ngome ya nyumba ya mungu wao. Abimeleki anapanda mlima Salmoni, anachukua shoka mkononi, anakata tawi la mti, analiweka begani, anawaambia askari mlichoniona nafanya fanyeni haraka. Kila mmoja anakata tawi lake, wanayapanga kwenye ngome, wanawasha. Walikufa kama watu 1,000, wanaume na wanawake. Moto wa mti wa miiba ulitoka kweli, tena kwa matawi. Akaenda Tebesi akajaribu mchezo uleule wa kuchoma mnara, mwanamke mmoja akamdondoshea jiwe la kusagia kichwani. Aliyeua ndugu zake juu ya jiwe! Na hata pale fuvu limepasuka bado anawaza heshima, anamwambia kijana wake niue wasije wakasema nimeuawa na mwanamke. Wapelekee vijana mjadala huo, ni mkali kuliko ule wa siasa.

Kwa nini Isaya 11 inasema chipukizi litatoka shina la Yese? Mfalme alikuwa Daudi, si Yese baba yake.

Swali fupi zuri sana. Kwanza anza kusoma sura ya 10 aya mbili za mwisho, yule aliyegawa sura amekukatia katikati. Pale Mungu anaufyeka msitu kwa chuma, warefu wanaangushwa, Lebanoni inaanguka, na ukifuata sura ilivyokuja wengi tunaona ni Ashuru. Msitu umelala wote, halafu aya inayofuata, litatoka chipukizi. Kwenye shina lililokatwa, maana yake nyumba ya Daudi nayo imepigwa shoka.

Ndo hapo Yese anapoingia. Wafalme wa Yuda walipimwa kwa Daudi, huyu alifanya kama Daudi baba yake, huyu hakufanya. Isaya anaruka mpaka nyuma ya Daudi, kwa mzee wa Bethlehemu mwenye wana wanane na kondoo, ambaye hajawahi kukalia kiti cha enzi. Naisoma hivi: Mungu hatengenezi mfalme mwingine wa mstari uleule, anaanza upya kutoka kabla hapajawa na jumba la kifalme. Na angalia huyo chipukizi akija anafanya nini, anawahukumu maskini kwa haki. Ni kilekile alichoambiwa Nebukadneza.

Mtumishi, nimesikia mhubiri akisema ndege kwenye mfano wa Yesu wa mbegu ya haradali inayokua ikawa mti ni mapepo, kwa sababu kwenye mfano wa mpanzi ndege ndo yule mwovu. Ni kweli?

Nimesikia pia, sikubaliani. Kwenye mfano wa mpanzi ndege wanakula mbegu, huku wanatua kwenye matawi, kazi mbili tofauti kabisa. Ndege kwenye matawi ya mti mkubwa tumeshakutana nao leo mara mbili, Ezekieli 31 na Danieli 4, na wako pia Ezekieli 17 ambapo Mungu anasema atachukua kitawi laini cha juu ya mwerezi akipande mlimani na ndege wa kila namna watakaa chini yake. Kote ni mataifa na watu waliopata makao. Wasikilizaji wa Yesu walizijua hizo, wakisikia ufalme na ndege na matawi walikuwa wanasubiri mwerezi. Yeye akawapa haradali, mboga ya bustani. Hapo ndo penye mshangao, wala usihangaike na mapepo.

Na wewe uliyeuliza kama mwaloni uliomnasa Absalomu, mwana wa Daudi aliyeasi, nao ni ishara ya ufalme uliomshinda: wazo linavutia, ila 2 Samweli 18 haisemi hivyo. Inasema msitu ulikula watu wengi siku ile kuliko upanga, nyumbu akapita chini ya matawi, kichwa cha Absalomu kikanasa, nyumbu akaendelea na safari. Mi naishia hapo hapo ilipoishia.