Maganda ya Mananasi, Uyoga wa Mamama na Siku ya Kuvuna Kimeng'enya

Nilipoanza kuotesha uyoga aina ya mamama kwenye maganda ya mananasi ya Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, nilidhani kazi ingekuwa kupata mbegu bora, kumbe iliyonitesa ni maji. Maganda mabichi yakilala usiku mmoja ndani ya gunia huanza kuchachuka, na mifuko yangu 20 ya kwanza ilishikwa na ukungu wa kijani kabla utando mweupe wa uyoga haujafika katikati. Tangu hapo huyakatakata na kuyaanika siku ileile, huyachanganya na magunzi yaliyopondwa ili hewa ipite, huongeza chokaa kidogo ya kupunguza uchachu, kisha hutia maji hadi yafikie takriban asilimia 65 ya uzito wote kabla ya kuchemsha mifuko kwa mvuke. Ukikamua konzi moja yadondoke matone mawili matatu, yakitiririka, umezidisha.

Kosa la pili lilikuwa tamaa. Lakase, kimeng'enya ambacho uyoga hutumia kuvunjia lignini (kitu kinachoipa mimea ugumu) na ambacho kinaweza kuondoa rangi katika majitaka ya viwanda vya nguo, hutoka kwa wingi utando unapoenea, kisha hupungua uyoga unapochomoza. Mimi nilitaka kula uyoga kwanza ndipo nivune kimeng'enya, na maji niliyoyachuja yalichukua saa nzima kuipa gwayakoli, kemikali ya kupimia lakase, rangi hafifu ya kahawia, ishara kwamba kimeng'enya kilikuwa kidogo. Kwa hiyo amua mapema mfuko upi ni wa mboga na upi ni wa maabara, kisha chukua sampuli kila baada ya siku mbili, maana kilele hutofautiana kwa kila shehena ya maganda.

Kuvuna kwenyewe ni kazi nyepesi: changanya maganda yaliyoenea utando na bafa (kimiminika kinachotunza kiwango cha uchachu) baridi yenye pH 5, koroga, chuja kwa shashi, weka kwenye barafu na upime siku hiyohiyo.

Mrututu (salfeti ya shaba) kidogo sana huongeza lakase, kwa kuwa kimeng'enya hicho hubeba atomi nne za shaba, lakini uyoga wa mfuko uliotiwa mrututu haufai kuliwa. Mifuko hiyo huifunga kwa kamba nyekundu na kuifungia chumba cha peke yake, kwa sababu majirani wamezoea kupita jioni kuomba mboga.