Jibu: kwa nini pande mbili na pembe ya kati zinatosha

Ndugu yangu wa Newala, umeuliza inakuwaje pande mbili na pembe iliyo kati yake zithibitishe kuwa pembetatu mbili ni sawasawa, na upande wa tatu hujaupima. Hapa Masasi huwa nawakatia wanafunzi pembetatu mbili za boksi la sabuni, ABC na DEF: AB = DE, AC = DF, pembe A = pembe D.

Sogeza ya kwanza mpaka A ikae juu ya D. Izungushe hadi AB ilale juu ya DE; urefu ni mmoja, kwa hiyo B inaangukia E. C ikibaki ng'ambo ya mstari DE, upande usio na F, pindua kipande kama chapati, DE ikiwa ndiyo mhimili. Pembe ni sawa, basi AC haina pa kwenda ila juu ya DF, na C inagota F. Kati ya E na F hupita mstari mmoja tu ulionyooka, kwa hiyo BC imelala juu ya EF. Kusogeza, kuzungusha na kupindua havibadilishi urefu wala pembe, na uthibitisho wote umeegemea hapo.

Pembe isipokuwa ya kati, chunga sana: C inaweza kuwa na mahali pawili pa kuangukia.